Je, wajua kwa nini mtoto mwenye degedege alikatazwa kuchomwa sindano?

Katika vijiji vingi vya Mtwara na Lindi, mtoto mwenye homa akianza kukakamaa, macho yakageuka juu na povu likamtoka mdomoni, wazee husema amepatwa na degedege. Jina hilo linatokana na dege, ndege mkubwa wa kipepo anayeaminika kupita usiku na kumdhuru mtoto, na aliyewahi kuiona mikono midogo ikipapatika kama mbawa za ndege aliyenaswa mtegoni hawezi kushangaa kwa nini jina hilo lilishika.

Kwa kuwa chanzo kilihesabiwa kuwa ni dege wala si homa, tiba nayo ilitafutwa kwa mganga wa jadi. Mtoto alifunikwa kanga, akafukizwa moshi wa kinyesi cha tembo kilichowekwa juu ya makaa. Penginepo alipakwa mkojo au kuogeshwa maji ya majani yaliyopondwa. Sindano ilikuwa mwiko, kwani iliaminika kwamba mtoto wa degedege akichomwa hufa.

Mwiko huo haukuzuka hivi hivi, na kuwaita wajinga walioufuata si haki. Degedege la homa, ambalo huwapata zaidi watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, mara nyingi hukoma lenyewe baada ya dakika chache. Hivyo mtoto alipotulia chini ya kanga, sifa zote zilikwenda kwa moshi. Yule ambaye hakutulia ndiye aliyefikishwa zahanati, amechelewa na hajitambui. Alichomwa sindano, akafariki, na lawama ikaiangukia sindano.

Kumbe aliyekuwa akiua mara nyingi ni malaria kali. Chembe za damu zilizoingiliwa na vimelea vya Plasmodium falciparum hunata katika mishipa midogo ya ubongo, huku sukari ya damu ikishuka, na dawa inayowahi kuvizuia vimelea hivyo ni artesunate, ambayo hutolewa kwa sindano ile ile iliyoogopwa. Kwa kuwa homa ya uti wa mgongo nayo huleta degedege, mtoto hana budi kupimwa.

Anapokuwa bado anatikisika, alazwe ubavu, nguo za shingoni zilegezwe, asitiwe kijiko wala dawa yoyote mdomoni. Kisha apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama ameshatulia.