Mjusi Kafiri Hana Gundi Miguuni: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Vidole vyake hutoa utomvu unaonata.
Havina tezi ya gundi. Chini ya kidole kuna mikunjo iliyosongamana vinyweleo vya keratini, protini kama ya kucha na nywele. Mguu mmoja wa tokay, mjusi mkubwa wa Asia wa jamii hiyo, una vinyweleo takriban 500,000. Kila kimoja kina urefu wa kama milimita 0.1 na hugawanyika katika mamia ya ncha bapa zenye upana wa nanomita 200 hivi (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita). Ncha hizo huukaribia ukuta mno hata molekuli za pande zote mbili zikavutana kwa nguvu za van der Waals, yaani mvutano mdogo unaotokea molekuli zinapokaribiana sana. Nguvu ya ncha moja ni hafifu. Wingi wake ndio unaombeba mnyama.

Dhana: Hufyonza ukuta.
La. Miguu yake hunata hata kwenye utupu, mahali pasipo hewa, ambako ufyonzaji hauwezekani.

Dhana: Kinachonata sana lazima kiwe kigumu kubandua.
Hapa ndipo penye ufundi hasa. Kinyweleo hakinati kwa kuguswa tu. Hukandamizwa kidogo, kisha huvutwa sambamba na ukuta kwa maikromita chache (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Pembe kati yake na ukuta ikifika nyuzi 30 hivi, hubanduka chenyewe. Ndiyo maana mjusi hukunja vidole kwenda juu, akianzia nchani, kila anapoinua mguu.

Dhana: Hunata popote.
Kwenye tefloni kavu, plastiki ya vikaango visivyogandisha, huteleza. Vidole vikilowa chepechepe, hata kioo kilicholowa humshinda.

Dhana: Binadamu akishaunda vinyweleo vya kuiga vya mjusi, gundi imepatikana.
Mwaka 2003 mwanafizikia Andre Geim na wenzake wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walitengeneza utepe wenye vinyweleo vya polimaidi, aina ya plastiki, vya urefu wa maikromita 2. Ulinata, lakini baada ya kubandikwa mara chache vinyweleo vililala na kugandana. Tatizo hilo bado linasumbua: vikiwa virefu na laini hushikana vyenyewe kwa vyenyewe, vikiwa vifupi na vigumu havifuati mabonde ya ukuta.

Ukubwa nao una shida yake. Kwenye kipande kipana, uzito huangukia upande mmoja, upande huo ukabanduka na kuvuta uliobaki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waligawa kibandiko cha mkono katika vigae 24 vyenye springi zinazosawazisha mzigo, na mwaka 2014 wakaonyesha mtu wa kilo 70 akipanda kioo kilichosimama wima.