Kipeo tasa sio lazima kilete namba tasa
Wengi wanaamini ukichukua namba tasa yoyote (isiyogawanyika ila kwa 1 na yenyewe) ukaifanya kipeo cha 2 halafu ukatoa 1, jibu lazima liwe tasa. Hapana jamani! Kweli vipeo 2, 3, 5 na 7 vinakupa 3, 7, 31 na 127, zote tasa, na hapo ndo watu wananaswa, ila jaribu 11: unapata 2047, ambayo ni 23 mara 89, imeshavunjika. Kipeo kisipokuwa tasa hupati namba tasa, lakini kikiwa tasa bado lazima upime. Ndo maana ile namba tasa kubwa sana iliyotangazwa 2024, 2 kwa kipeo cha 136,279,841 toa 1, yenye tarakimu 41,024,320, ilibidi ihakikishwe kwa kompyuta, na uzuri wake ukiiandika kwa 0 na 1 tu, kama kompyuta zinavyoandika namba, hukuti 0 hata moja, ni 1 tupu mwanzo mpaka mwisho.