Dhana potofu za fundi wa nyumbani, kutoka meza ya kulehemu hadi jikoni

Kipande cha shaba kilibanduka kwenye bodi kama gamba la kidonda kilichokauka. Nilikuwa nalehemu waya mnene wa hasi kwenye redio ya zamani. Lehemu ikagoma kuyeyuka, nikapandisha chuma cha kulehemu kutoka nyuzi 350 hadi 450, ikagoma tena. Nikakandamiza, nikahesabu hadi ishirini, na gundi inayoshikilia shaba ikasalimu amri kabla ya lehemu. Jioni hiyohiyo nilikuwa jikoni na kikaango chembamba, moto juu kabisa, na nyama badala ya kukaangika ikatoa maji na kuchemka humohumo. Nikasimama na mwiko mkononi, nikaona kwamba kosa ni lilelile, nimelifanya mara mbili kwa siku moja.

Tangu hapo nimekuwa nikizikagua imani za watu wa aina yangu, sisi tunaofungua redio asubuhi, tunahangaika na kompyuta mchana na kupika usiku. Nyingi zina asili moja: vitu viwili vinavyokaribiana vimechanganywa vikapewa jina moja.

Dhana: Kisipoyeyuka, ongeza nyuzi

Halijoto hukwambia kitu kina moto kiasi gani. Joto ni nishati yenyewe inayohama kutoka kitu hadi kitu. Lehemu ya kizamani, yenye bati asilimia 63 na risasi asilimia 37, huyeyuka kwenye nyuzi 183. Ile isiyo na risasi, ya bati, fedha na shaba, huyeyuka karibu na nyuzi 217. Kwa hiyo chuma changu cha nyuzi 350 kilikuwa na ziada tele tangu mwanzo. Kilichokosekana ni njia ya kulipitisha joto. Ncha yake ilikuwa nyembamba kama ya penseli, yenye akiba ndogo, na ule waya mnene pamoja na shaba pana ya bodi vililinyonya joto haraka kuliko lilivyofika. Dawa yake ni ncha pana na bapa, iliyopakwa lehemu mbichi kidogo ili igusane vizuri na waya na shaba iliyo chini yake. Ukifanya hivyo nyuzi 350 zinatosha, na sekunde tatu tu.

Kikaango chembamba ndicho ncha yangu nyembamba. Kinapata moto upesi, unafurahi, unatupia nusu kilo ya nyama ya baridi, halijoto inaporomoka na maji yanayotoka kwenye nyama hayapati nguvu ya kuruka kama mvuke. Kikaango kizito kilichopashwa taratibu kina akiba, na nyama ikiingizwa kwa mafungu madogo akiba hiyo haimalizwi kwa mkupuo. Siku hizi chuma kikishindwa, nabadilisha ncha kabla ya kugusa kitufe cha nyuzi.

Dhana: Ukikaanga nyama kwa moto mkali nje, unafungia maji ndani

Hii ina ukoo wa heshima. Mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig aliieneza mwaka 1847, na wapishi wakaipokea. Ila sikiliza kikaango: ule mlio wa chwaaa ni maji yanayotoka. Kama yangekuwa yamefungiwa, kikaango kingenyamaza. Mwenye mizani ya jikoni anaweza kupima vipande viwili vinavyolingana, kimoja kikikaangwa nje kwanza na kingine la, vikaive vyote hadi halijoto ileile ya ndani; kilichokaangwa hakitoki na maji mengi zaidi.

Tunakaanga kwa ajili ya ladha. Mwaka 1912 Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza jinsi asidi amino, vijenzi vya protini, na sukari vinavyoathiriana kwenye joto na kutoa rangi ya kahawia na harufu ile tunayoijua. Mabadiliko hayo hupamba moto kuanzia karibu nyuzi 140, na uso wenye maji hauvuki 100. Ndiyo maana kupangusa nyama ikauke kabla ya kuikaanga kuna faida kuliko mbwembwe zote za moto.

Hapohapo tumalize jambo la sufuria. Maji yanayotokota kwa fujo hayana moto kuliko yanayotokota polepole. Yote ni nyuzi 100 penye usawa wa bahari, gesi ya ziada inazalisha mvuke tu. Na chumvi? Gramu 10 katika lita moja hupandisha kiwango cha kuchemka kwa chini ya nyuzi 0.2. Tia chumvi kwa ajili ya ulimi. Anayetaka maji ya moto zaidi atafute sufuria ya presha, ambayo hufika karibu na nyuzi 120 kwa kuubana mvuke.

Dhana: Moto mdogo kwa saa nyingi ni salama daima

Hapa nawaomba wenzangu wanaojitengenezea vidhibiti vya halijoto wasome taratibu. Nami nimeunda changu: kihisi ndani ya sufuria, swichi ya kielektroniki, programu fupi inayowasha na kuzima. Kinashika nyuzi 80 bila kuyumba hata nyuzi moja, na nilijivunia sana. Kitu cha kwanza nilichotaka kukipika humo kilikuwa maharage mekundu, kutwa nzima, taratibu.

Bahati nilisoma kwanza. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili ya jamii ya lektini, na punje nne au tano zisizoiva zinatosha kumtapisha mtu. Nyuzi 80 haziiharibu. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inaonya kwamba maharage yaliyopashwa kwenye halijoto hiyo yanaweza kuwa na sumu hadi mara tano ya yale mabichi. Kinachotakiwa ni kuyaloweka saa tano au zaidi, kumwaga maji yale, kisha kuyachemsha kwa maji mapya yatokote kwelikweli kwa dakika 30. Baada ya hapo yahamishie kwenye chombo chako cha kielektroniki ukitaka. Kifaa changu kilikuwa kinafanya kazi barabara, na kingetulaza wagonjwa nyumba nzima kwa ubarabara huohuo.

Dhana: Kinachoua ni ampea, volti hazina neno

Ampea ndizo zinazoudhuru mwili, kweli, lakini haziingii zenyewe. Volti ndizo zinazozisukuma na ngozi ndiyo inayozizuia. Betri ya gari inaweza kutoa mamia ya ampea, ila volti zake 12 hazina nguvu ya kupenya ngozi kavu. Ukigusa ncha zake kwa vidole hutasikia kitu. (Ukiziangushia spana ni habari nyingine, spana itaiva kama mkaa.) Cheche inayokuruka ukivua sweta ina maelfu ya volti, lakini chaji yake ni chembe na inaisha papo hapo. Umeme wa ukutani una vyote viwili, msukumo na akiba isiyoisha. Swichi za kinga zinazolinda watu kwa kawaida hukata zikiona uvujaji wa miliampea 30 tu, na balbu ya zamani ya wati 40 hutumia mara kadhaa ya huo. Mkono ukilowa, ule ukinzani wa ngozi unaoutegemea unapungua sana.

Mkanganyiko huohuo unaleta hofu kwamba chaja yenye ampea nyingi itaunguza kifaa. Ampea zilizoandikwa kwenye chaja ni uwezo wake. Kifaa huchota kinachohitaji. Chaja ya ampea 3 kwenye kifaa cha ampea 1 haina shida yoyote. Volti ndizo lazima zilingane, pamoja na upande wa chanya na hasi. Nimewahi kuchomeka chaja ya volti 19 kwenye kisambaza intaneti cha volti 12 kwa sababu tundu lilikubali. Moshi ulitoka kwa utulivu kabisa, bila mlio. Chaja mpya za USB-C zimepunguza ajali hizi: zinaanza na volti 5, kisha huongea na kifaa kabla ya kupanda hadi 9, 15 au 20.

Na ile ya "nimechomoa plagi, sasa niko salama"? Kapasita, kipuri kinachohifadhi chaji ya umeme, haijui kwamba umechomoa. Ile iliyo ndani ya maikrowevu inaweza kubaki na zaidi ya volti 2,000, na ile ya upande unaopokea umeme wa ukutani ndani ya pawasaplai ya kompyuta (sanduku linaloigawia umeme) inakaribia 400. Pawasaplai naifungua baada ya kusubiri, kupima kwa multimita na kuimaliza chaji kupitia rezista, kipuri kinachokinza umeme. Maikrowevu siifungui. Wapo wanaong'oa transfoma yake ili wachore miti kwa umeme kwenye mbao, na mchezo huo umeua watu wengi. Ndio uchezeaji pekee ninaoukataa bila mjadala.

Maikrowevu yenyewe ina masingizio yake. Haipiki kutoka ndani kwenda nje: mawimbi hupenya sentimita chache, katikati hupashwa na joto linalosambaa, ndiyo maana tunakuta pembeni panachoma na kati pana barafu. Wala haikifanyi chakula kiwe na mnururisho, kama vile taa haikifanyi kitabu kiwake. Ila inatumia takribani gigahezi 2.45, jirani mlango kwa mlango na Wi-Fi ya gigahezi 2.4, kwa hiyo video inayokwama kila uji unapopashwa si ndoto. Nilihamishia kompyuta yangu kwenye Wi-Fi ya gigahezi 5, tukaachana kwa amani.

Dhana: Simu ikilowa, izike kwenye mchele

Mchele uliokauka ghalani hauna kiu ya kuvuta maji yaliyojificha chini ya chipu, na vumbi lake la wanga huingia kwenye matundu ya chaji. Hata Apple imewaambia wateja wake wasifanye hivyo. Halafu adui si maji peke yake. Ni maji yenye chumvi na madini yakikutana na umeme; hapo shaba huanza kulika, unaona unga wa kijani. Kwa hiyo zima mara moja, toa betri kama inatoka, usichaji "kujaribu kama inawaka". Anayeweza kufungua aisafishe bodi kwa mswaki laini na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, aiache mbele ya feni. Feni inashinda gunia la mchele.

Jikoni kuna dawa nyingine bandia, ile ya friza kwa diski ngumu iliyokufa. Ilisemekana baridi hukaza vyuma vilivyolegea. Nilijaribu kwenye diski yenye picha zangu. Ilipotoka nje, unyevu ulitanda juu yake kama kwenye glasi ya maji baridi, na unyevu huohuo ndio unaoingia mahali ambapo kichwa cha kusoma huelea nanomita chache tu juu ya sahani. Diski ile niliimaliza mwenyewe. Mkate nao tunaukosea kwa njia ya jirani: tunauweka kwenye friji usikauke, wakati kuwa mgumu kwa mkate si kukauka tu bali wanga wake unajipanga upya, na kwenye baridi ya friji hujipanga haraka zaidi. Weka nje kwa siku chache, au gandisha kabisa kwenye friza.

Mbili za kompyuta, upesi. Diski ya terabaiti 1 inayoonekana kuwa na gigabaiti 931 haijapunjwa: mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024, na wote wawili wanaiita gigabaiti. Na kufuta faili si kuliondoa. Kwenye diski ya sahani kinachofutwa ni anwani, data inabaki hadi iandikwe nyingine juu yake. Kwenye SSD, diski ya chipu isiyo na sahani, amri iitwayo TRIM inaweza kuisafisha ndani ya muda mfupi. Anayetegemea kurejesha ataumia kwenye SSD, anayetegemea kuficha ataumia kwenye ile ya zamani.

Dhana: Moshi wa lehemu ni mvuke wa risasi

Risasi huchemka kwenye nyuzi 1,749. Chuma cha kulehemu hakifiki hata theluthi ya hapo. Moshi ule mweupe ni fluksi, dawa inayosaidia lehemu kushika, inayoungua, mara nyingi utomvu wa msonobari, na si wa kudharauliwa, kwani ukivutwa kila siku unaweza kuleta pumu. Feni ndogo inayouvuta pembeni inatosha kwa mtu wa kujifurahisha.

Risasi inapita njia nyingine kabisa, nayo ni vidole. Inabaki mikononi, inapanda kwenye kikombe, kwenye mkate. Wengi huvaa barakoa kisha wanakula bila kunawa. Kwangu nanawa kwa sabuni kabla ya kugusa chochote cha jikoni, na vitambaa vya kule havivuki kuja huku. Ubao wangu mzuri wa kukatia vitunguu uliwahi kuazimwa kwenda kushikilia bodi kwa dakika tano tu, ukaangukiwa na tone la lehemu. Uko mezani kwa redio hadi leo, na kitunguu hakijaugusa tena.