Roux ni rangi, si unga

Kila ninapopokea wanafunzi wapya jikoni, hakosi mmoja wa kuitamka roux, yaani unga uliokaangwa kwenye mafuta ili kufanya mchuzi uwe mzito, "ruksi". Ni "ruu" tu. Ile x ya mwisho ipo kwa ajili ya macho. Kosa la pili ndilo kubwa zaidi: wengi hudhani neno lenyewe lina maana ya unga na siagi.

Kwa Kifaransa, roux ni wekundu unaoelekea kahawia. Mtu mwenye nywele za rangi hiyo huitwa roux mpaka leo. Asili yake ni neno la Kilatini russus, yaani -ekundu. Wapishi walikuwa wakisema beurre roux, siagi iliyokaangwa mpaka ikageuka rangi. Baadaye beurre ikadondoka, ikabaki sifa peke yake, ikawa jina. Ndiyo maana Wafaransa wana roux blanc, "nyekundu nyeupe", wala hawacheki.

Mbinu ni ya siku nyingi. Mpishi Mfaransa François Pierre de La Varenne aliielezea katika kitabu chake cha mapishi cha 1651: unga unakaangwa kwenye mafuta ya nguruwe, kisha unatumika kuufanya mchuzi uwe mzito.

Kwa nini ukaangwe? Aliyewahi kupika uji anajua. Mwaga unga mkavu kwenye maji yanayochemka uone madonge: nje yameiva, ndani vumbi tupu. Sisi tunaukoroga kwanza kwa maji baridi. Mfaransa anatumia mafuta, yanayopaka kila chembe ili zisishikane. Mimi huyeyusha gramu 50 za siagi, natia gramu 50 za unga wa ngano, nakoroga kwa mwiko juu ya moto mdogo dakika mbili hivi, mpaka harufu ya unga mbichi iishe. Kisha nusu lita ya maziwa, kidogo kidogo: huo ni mchuzi mweupe uitwao béchamel. Ukiiacha roux ipate rangi ya dhahabu ukatia supu ya kuku, umepata mchuzi uitwao velouté. Ya kahawia ndiyo msingi wa mchuzi wa kahawia uitwao espagnole.

Lakini angalia: kadiri inavyokolea rangi ndivyo nguvu yake ya kushika mchuzi inavyopungua, maana moto huvunja wanga. Kule Louisiana, Marekani, roux ya gumbo, mchuzi mzito wa huko, hukaangwa hadi ifanane na chokoleti. Ladha tele, nguvu kidogo. Basi wengi huongeza bamia, na neno gumbo lenyewe ni la Kibantu, lililotoka upande wa Angola: maana yake bamia.