Feromoni si homoni inayonukia

Matangazo ya manukato yamelishika neno "feromoni" kwelikweli, na ukimwuliza mtu ni kitu gani, atakujibu: homoni inayonukia. Sivyo. Feromoni ni kemikali ambayo mnyama huitoa nje ya mwili, ikamfikia mwenzake wa spishi ileile na kumbadilisha tabia au mwili. Maana yake ndiyo hiyo tu.

Kinachowapoteza watu ni jina. Mwaka 1959 wanasayansi Peter Karlson na Martin Lüscher waliliunda kutoka Kigiriki: pherein, kubeba, na hormon, lenye asili ya kuchochea. Kabla yao lilitumika "ektohomoni", yaani homoni ya nje, na wao wakaliona linajipinga lenyewe. Homoni, tangu mwanafiziolojia Ernest Starling alipoanza kulitumia neno hilo mwaka 1905, ni mjumbe anayesafiri ndani ya mwili mmoja. Akishatoka nje, anahitaji jina jingine. Kwa hiyo anayesema "homoni inayonukia" anafufua kosa lilelile ambalo neno hili lilizaliwa kulizika!

Tazama panya. Mwaka huohuo wa 1959 mtafiti Hilda Bruce alieleza kwamba panya jike aliyekwisha pandwa, akikutana na dume mgeni siku za mwanzo, kabla mimba haijajipachika, mara nyingi mimba hiyo huharibika. Kemikali zilizo katika mkojo wa dume hunaswa na kiungo cha Jacobson, kilicho ndani ya pua, upande wa chini. Taarifa hupita amigdala hadi haipothalamasi, sehemu mbili za ubongo, kisha prolaktini ya jike hushuka, na projesteroni, homoni inayotunza mimba, nayo hufuata. Homoni zimo, ndiyo, lakini ni zake jike mwenyewe. Cha dume kilichovuka hewani au kwa kugusa ndicho feromoni.

Tena si kila harufu inayogusa mwili ni feromoni. Mwaka 2017 watafiti waliua seli za kunusa za panya, na panya hao hawakunenepa kama wenzao, ingawa chakula kilikuwa kilekile cha mafuta mengi. Huo ni uhusiano wa pua na umetaboli, yaani jinsi mwili unavyotumia chakula; feromoni hazimo.

Kwa binadamu, hakuna kemikali hata moja iliyokwisha thibitishwa kuwa feromoni. Chupa ile ya matangazo iite tu manukato. Inanukia vizuri, na kazi yake ni hiyo.