Hasira za barabarani: ni nini, na kwa nini huchagua mtu wa kumshukia

Hasira za barabarani ni ile hali ya dereva kupandwa na ghadhabu kwa jambo lililotokea njiani, kisha akamshushia mtu mwingine: kwa tusi, kwa ishara ya mkono, kwa honi isiyoachiwa, kwa kumbana mwenzake hadi nje ya lami, au kwa kuteremka na spana ya matairi mkononi. Kuudhika peke yake hakutoshi. Ukichomekewa pale Sanawari, hapa Arusha, ukasonya na kuendelea na safari yako, hujamkosea mtu. Mpaka unavukwa pale unapoanza kutumia gari, mdomo au ngumi kumwadhibu mwenzako.

Vilevile tusiichanganye na uendeshaji mbovu. Dereva wa kifodi, ile daladala ndogo, anayekata kushoto ghafla kumfuata abiria karibu na soko la Kilombero ana makosa, lakini mara nyingi hana hasira na mtu yeyote. Ana hesabu ya bosi ya kufikisha jioni, na abiria aliyemwacha anachukuliwa na gari la nyuma. Mwenye hasira pale ni wewe uliyefunga breki. Nalisema hili mapema kwa sababu mazungumzo ya jambo hili hapa Arusha huishia kwa makonda na bodaboda, halafu mwenye Harrier anabaki msafi kama malaika. Mimi nawaandikia hasa wenye magari binafsi, tunaoenda kazini asubuhi na kurudi jioni.

Dhana yenyewe ilipata jina lake la Kiingereza, "road rage", huko Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980, baada ya matukio ya watu kupigwa risasi kwenye barabara kuu za Los Angeles mwaka 1987. Huku kwetu mambo huishia kwenye matusi, makofi na vioo vya pembeni kuvunjwa. Chanzo hakitofautiani sana.

Yanayoudhi

Mwaka 1994 mwanasaikolojia Jerry Deffenbacher na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado walichapisha dodoso la kupima hasira za madereva. Maudhi waliyoyakuta yaligawanyika mafungu sita: ishara za dharau, wengine kuvunja sheria, uwepo wa polisi, magari yanayokwenda taratibu, kukosa ustaarabu, na vizuizi vya barabarani. Anayeijua barabara ya Arusha kwenda Moshi atadhani watafiti walipiga kambi Usa River.

Chukua hilo la mwendo wa taratibu. Kutoka Sakina unateremka kwa raha kwenye njia nne, gari linapumua, redio inaimba. Ukifika Tengeru njia nne zinakwisha. Mnabanana mstari mmoja nyuma ya lori lililojaa, na mtu aliyekuwa mtulivu Philips anaanza kuchungulia kulia kila baada ya sekunde kumi. Lori halijamfanyia lolote. Alikuwa ameshajiahidi mwendo fulani, na ahadi hiyo imevunjwa. Ongeza tochi ya trafiki, matuta ya vijijini, na yule anayekuja usiku na taa kali bila kuzishusha, na mafungu manne kati ya yale sita yametimia kabla ya Boma Ng'ombe. Desemba ndiyo usiseme. Watu wanarudi nyumbani kula Krismasi, barabara za kuelekea Himo, Marangu na Rombo zimejaa magari kutoka Dar es Salaam ambayo madereva wake wameshinda njiani, na shemeji anapiga simu kuuliza mbuzi achinjwe sasa au wawasubiri.

Hata hivyo, mambo hayo peke yake hayamlipui mtu. Watu wawili wamekaa nyuma ya lori lile lile; mmoja anatafuna karanga, mwingine anapiga usukani. Tofauti iko kwenye maelezo ambayo kila mmoja anajipa kichwani. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Lee Ross aliandika kuhusu kasoro kubwa ya namna tunavyowahukumu wengine: mwenzetu akikosea tunaitazama tabia yake, na mazingira yaliyomzunguka tunayasahau. Mimi nisipowasha indiketa, ni kwa sababu mtoto amemwaga juisi kiti cha nyuma. Wewe usipowasha, una kiburi.

Barabara inaikuza kasoro hiyo kwa sababu haina sauti. Sokoni watu hugongana mabega asubuhi hadi jioni: "Samahani mama." "Bila samahani baba." Yameisha. Kwenye gari huoni uso, unaona namba ya usajili na kioo cheusi. Neno la samahani halifiki, na ule ukimya unaujaza wewe mwenyewe kwa jambo moja: amenidharau.

Honi haipigwi kwa kila mtu

Mwaka 1968 watafiti Anthony Doob na Alan Gross walichapisha jaribio rahisi na lenye kuaibisha. Waliweka gari kwenye taa za barabarani huko California, taa ikawa kijani, gari likagoma kuondoka kwa makusudi. Wakasubiri dereva wa nyuma apige honi. Wakati mwingine walitumia gari jipya la kifahari, wakati mwingine gari kuukuu la mtu wa hali ya chini. Kwa gari la kifahari, nusu ya madereva walipiga honi. Kwa gari kuukuu, asilimia 84 walipiga. Kuna walioliparamia gari kuukuu kwa bampa badala ya honi.

Kosa lilikuwa moja, sekunde zile zile. Kilichobadilika ni gari.

Sasa tulilete jaribio hilo kwenye kipilefti cha Impala saa mbili kasorobo asubuhi. Likisimama mbele yako gari la serikali aina ya V8, utangoja. Pengine utajiambia kuna mkubwa ana dharura. Akisimama bajaji, honi inalia kabla breki zake hazijashika. Mwanafunzi wa udereva mwenye herufi L mgongoni anapigiwa, mwenye guta la maji anatukanwa mpaka kwa wazazi wake, na mwanamke mwenye Passo anaulizwa gari hilo amehongwa na nani. Land Cruiser ya watalii inayotoka kuelekea Makuyuni hukata njia kama wengine wote, lakini sijasikia mtu akiifuata hadi Kisongo kuitaka maelezo.

Hapa ndipo maelezo ya kawaida yanapopwaya. Tunaambiwa hasira ni mafuriko, zikija hazina mwenyewe. Mtu anasema, "Mimi nikichomekewa siwezi kujizuia, ndivyo nilivyoumbwa." Simwamini. Angejizuia vizuri kabisa kama aliyemchomekea angekuwa mkuu wa wilaya. Sehemu kubwa ya hasira za barabarani ni hesabu ya haraka ya nani mkubwa na nani mdogo, na mwili hupewa ruhusa ya kulipuka pale hesabu inaposema huyu hawezi kunifanya kitu. Jambo hilo halipendezi kulikiri, ila lina faida yake: uwezo wa kujizuia unao tayari, na unautumia kila wiki.

Yapo mambo mengine yanayolegeza ruhusa hiyo. Joto ni moja. Watafiti Douglas Kenrick na Steven MacFarlane walionyesha mwaka 1986, katika jiji la Phoenix, kwamba honi ziliongezeka kadiri joto lilivyopanda, na hali ilikuwa wazi zaidi kwa waliofungua vioo. Watu wa Moshi, mji ulio chini kuliko Arusha na wenye joto zaidi, wanajua ninachosema. Kujificha ni jingine: jaribio la mwaka 1995 huko huko Marekani lilikuta madereva wa magari ya kufunguka paa wanapiga honi mapema na kwa muda mrefu zaidi paa likiwa limefungwa. Unaweza kukisia tinti inafanya nini.

Mwilini

Ukitishiwa, au ukidhani umetishiwa, mwili unamwaga adrenalini. Moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, macho yanang'ang'ania kitu kimoja. Hali hiyo ingekufaa kumkimbia nyati. Kwa dereva ni hatari, maana kazi yake inataka macho yanayozunguka: kioo cha kati, mtoto pembeni ya zebra, bodaboda inayokuja kushoto. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakula kama mita 22 kila sekunde. Sekunde mbili za kumkodolea macho mtu uliyempita ni mita 44 ulizoendesha bila kuona.

Na mwili haupoi mara moja. Mpandisho wa tukio la kwanza unabaki, tukio la pili linakaa juu yake. Ndiyo maana bajaji wa Mianzini anatukanwa kwa deni la lori la Tengeru.

Kuzidhibiti

Anza na saa. Wengi wanaogombana asubuhi wamechelewa kutoka nyumbani, na kila gari mbele yao limegeuka kuwa mwizi wa dakika zao. Kisha piga hesabu ya kile unachopigania. Kilomita 10 nyuma ya lori linalokwenda 40 kwa saa ni dakika 15. Ukilipita ukaenda 60, ni dakika 10. Unagombania dakika tano, na mara nyingi hata hizo huzipati, maana mbele kuna eneo la makazi ambapo mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na kuna lori jingine.

Usitegemee kupunguza hasira kwa kupiga kelele. Tunaamini mtu akitoa ya moyoni anapoa, lakini Brad Bushman alilijaribu hilo mwaka 2002: waliopewa mfuko wa ngumi waupige huku wakimfikiria aliyewaudhi walitoka na hasira zaidi kuliko waliokaa kimya bila kufanya chochote. Tusi ndani ya gari lililofungwa vioo linafanya kazi ile ile, tena mbele ya watoto walio kiti cha nyuma. Kinachosaidia ni kuvuta pumzi taratibu, kuachia nafasi kati yako na gari la mbele, na kumtafutia aliyekukosea sababu nyingine. Si lazima iwe ya kweli. Huenda ana mgonjwa. Huenda ni mgeni wa mji na hajui kwamba mstari huu unaishia hapa.

Kuna swali moja ninaloliona lina nguvu kuliko mazoezi yote ya pumzi: kama gari hili lingekuwa na namba za serikali, ningefanya nini? Fanya hilo.

Ukikosea wewe, nyanyua mkono uonekane, au washa taa za hazadi kidogo. Ishara hiyo ndiyo samahani iliyokosa sauti, na hapa kwetu inaeleweka na kila mtu, hata mwenye mkokoteni. Mkikutana dirisha kwa dirisha, salamu inatangulia. Ni vigumu sana kumtukana mtu aliyekwishakupa shikamoo.

Abiria nao wana kazi. Kwenye kifodi utasikia mmoja akichochea, "Usimwachie huyo, mbane!" na mara nyingi ni mama mmoja wa kiti cha nyuma anayemaliza mchezo: "Dereva, mwanangu, achana naye, tupeleke." Sauti hiyo inafanya kazi hata kwenye gari la watu wawili, ilimradi isianze na "si nilikwambia".

Wapo ambao hali hii haiko barabarani tu. Wanalipuka dukani, kazini, nyumbani, kwa jambo dogo, kisha wanajuta. Hilo linaweza kuwa tatizo la afya ya akili lenye tiba, na hospitali ya KCMC pale Moshi wana wataalamu wa kulisikiliza.

Mambo yakishaharibika

Sheria ya Usalama Barabarani haina kosa linaloitwa hasira, ila matendo yake yana majina. Kuendesha kwa hatari kumo humo. Matusi yanayoweza kusababisha uvunjifu wa amani yamo kwenye kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu, na kumpiga mtu kuko vifungu vya 240 na 241. Kuvunja kioo cha mwenzako kwa makusudi nako ni jinai, na usitegemee bima ilipe ulichokiharibu kwa kusudi.

Ukiona mtu anakufuata kwa shari, usisimame kumsikiliza wala usimwongoze hadi getini kwako. Funga milango, nenda kituo cha polisi au cha mafuta penye watu, piga 112. Na ukimgusa bodaboda, jua kwamba wenzake watafika kabla ya trafiki, na watafika wamekasirika. Usipandishe sauti hata kama haki ni yako. Ulizia kwanza aliyeanguka ameumia wapi, piga picha magari yalivyokaa, na pesa za "tuyamalize" zisitoke mfukoni kabla hajapata PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na kuonwa na daktari, maana mguu unaoonekana mzima saa nne unaweza kukataa kukanyaga ikifika jioni.