Gari limezimwa, ufunguo uko mezani: moto unatoka wapi?

Gari limeegeshwa uani tangu jioni hapa Kigoma, iwe Mwanga, Gungu au Ujiji. Mwenyewe kalala. Saa nane usiku majirani wanagonga mlango: gari linawaka. Kukicha maneno ni mengi, na anatafutwa mbaya wake: mwenye wivu, mdeni, hata mchawi. Kuna magari yanayochomwa kwa makusudi, ndiyo, lakini gari lililozimwa linaweza pia kushika moto bila mkono wa mtu, na sababu zake zinajulikana.

Ukizima injini hujazima umeme. Waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye stata, mota inayowasha injini, una umeme saa zote, na wa alteneta inayochaji betri vilevile. Saa ya dashibodi, alamu na kumbukumbu ya redio vinaendelea kunywa kidogo kidogo usiku kucha. Watu huidharau betri hii kwa kuwa ni ya volti 12 tu, ukiigusa hairushi. Volti kweli ni chache, ila waya wake wa chanya ukichubuka na kugusa bodi, ambayo imeungwa na hasi ya betri, zinapita ampea mamia kwa mara moja na waya unakuwa mwekundu ndani ya sekunde. Pembeni yake kuna plastiki, zulia na sponji za viti.

Fyuzi iliwekwa kwa ajili hiyo. Ya ampea 10 ikikatika, inakuambia kuna hitilafu mahali. Anayeitoa akaweka ya 30, au akaunga kwa kipande cha waya ili safari iendelee, hajaondoa hitilafu. Sasa kitakachoungua badala ya fyuzi ni nyaya zenyewe.

Kwa magari yetu, mimi naanza kuangalia chini ya dashibodi. Mengi yametumika Japani, ambako kwa miaka mingi redio za FM zilitengenezwa kwa masafa ya 76 hadi 90, wakati stesheni zetu zinafika 108. Ndiyo maana redio huwa ya kwanza kubadilishwa. Inafuata alamu, amplifaya, taa za ziada, chaja. Kila kimoja kinataka umeme, na fundi mwenye haraka anauchukua popote anapoupata: anasokota nyaya kwa vidole, anazungushia tepu, anarudisha kifuniko. Kwenye muungano uliolegea umeme unapita kwa shida, na pale panapata joto. Joto linayeyusha gundi ya tepu, mtikisiko wa barabara ya vumbi unamalizia kazi. Anayebeba chumvi ya Uvinza ana la ziada, kwa sababu chumvi ikilowa inapitisha umeme na inakula shaba mpaka inageuka kijani. Panya nao hupenda joto la injini. Huleta majani makavu na kutafuna nyaya.

Hata magari mapya kutoka kiwandani yamewahi kufanya haya. Kati ya 1999 na 2009 kampuni ya Ford iliyaita magari zaidi ya milioni 14 yarudi kurekebishwa kwa sababu ya swichi moja ndogo. Upande mmoja ilikuwa na mafuta ya breki, upande wa pili umeme usiokatika, katikati utando mwembamba. Utando ulipochoka, mafuta yalipenya, na magari yakawaka yakiwa yameegeshwa. Septemba 2023 Hyundai na Kia ziliita magari kama milioni 3.4 nchini Marekani kwa kasoro ya mfumo wa breki za ABS, na wenye magari wakaambiwa wayaegeshe nje, mbali na nyumba, hadi yatengenezwe.

Si umeme peke yake. Injini ikizimwa, maji yanaacha kuzunguka na joto chini ya boneti hupanda kwa dakika kadhaa kabla ya kushuka. Oili inayovujia kwenye ekzosi inaweza kuwaka wakati huo. Chini ya gari, masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, yana joto la mamia ya nyuzi. Ukiegesha juu ya nyasi kavu njia ya Kasulu mwezi wa Agosti, zinaweza kuanza kuwaka nyasi kabla ya gari.

Dalili hujitokeza mapema: fyuzi ileile kukatika kila mara, betri kulala bila sababu, harufu ya plastiki iliyoungua au ya petroli asubuhi. Ukisafiri kwa wiki kadhaa, chomoa betri, ukianza na hasi. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, umepiga shoti kwa mkono wako.

Moshi ukitoka chini ya boneti, usilifungue wazi, maana hewa ikiingia moto unalipuka usoni. Toa watu, kaa mbali, piga 114 uwaite Zimamoto.